Nafasi ya ziada

nm [i-/zi-] (upangaji chapa) Uwazi usiotakiwa mwanzoni au mwishoni mwa matini iliyohifadhiwa na programu. Wapo wanaouita pengo, lakini neno hilo halifai: pengo huashiria kilichokosekana, ilhali hapa tunasema juu ya kilichozidi.

Katika TeX, mfumo wa kupanga chapa ambao Donald Knuth aliutoa mwaka 1978, nafasi nyingi zinazofuatana huhesabiwa kuwa moja, na mwisho wa mstari nao hugeuka nafasi. Ndiyo maana anayefafanua amri kwa mistari kadhaa bila kufunga mistari hiyo kwa alama ya asilimia huhifadhi nafasi asizoziona.

Madhara yake si ya mapambo tu. Niliwahi kuwaandalia wanafunzi wangu orodha ya istilahi, na neno kiambishi likajitokeza mara mbili katika faharasa, kila moja likiwa na kurasa zake. Kwa macho yalikuwa sawasawa. Kumbe moja lilitanguliwa na nafasi, na programu ya makeindex huyahesabu hayo kuwa maneno mawili, isipokuwa ikiendeshwa kwa chaguo la -c. Aliyefungua kurasa za kiingizo cha kwanza pekee alikosa nusu ya maelezo.

Wengi hukimbilia \unskip. Amri hiyo huondoa uwazi wa mwisho katika kile kilichokwisha kupangwa kwenye aya. Matini iliyohifadhiwa hubaki na nafasi yake vilevile, na ikilinganishwa na nyingine kwa \ifx hazitalingana. \ignorespaces nayo humeza nafasi zinazofuata tu. Kwa matini iliyohifadhiwa katika kigeu cha expl3, amri stahiki ni \tl_trim_spaces:N, ambayo hupogoa ncha zote mbili na kuacha za katikati. (Kitenzi pogoa nakipendelea kuliko futa, kwani hutaja ncha.)

Za katikati zisiguswe kamwe, hasa katika Kiswahili, ambamo nafasi moja hutenganisha kihusishi na kiambishi cha ngeli. Katika kichwa kilichoandikwa kwa herufi kubwa, WALIMU WA KENYA ni walimu wa nchi hiyo, popote walikozaliwa. WALIMU WAKENYA ni raia wake, hata wakifundisha Muscat.