Mmiliki wa gari la mtumba, usidanganywe na oili iliyojaa

MAGARI mengi ya binafsi yanayoonekana katika mitaa ya Songea, mkoani Ruvuma, yalitumika kwanza Japani kabla ya kuingizwa nchini. Baadhi yamepita mikononi mwa wamiliki kadhaa, na mnunuzi wa mwisho hukabidhiwa ufunguo na kadi ya gari bila kumbukumbu yoyote ya matengenezo. Hajui ni lini mafuta ya breki yalibadilishwa, wala kama yaliwahi kubadilishwa.

Wapo wanaofungua boneti, wakaona kila chombo kimejaa, wakaridhika. Hilo ni kosa, kwa kuwa vimiminika vya gari huchakaa hata vikiwa vimejaa.

Mafuta ya breki

Haya ndiyo ya kuanza nayo, kwani dereva anayetoka Songea kwenda Njombe hukabiliana na miteremko na kona za Lukumburu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka katika nyuzi joto zisizopungua 205 za sentigredi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Katika mteremko mrefu breki hupata moto, mafuta huchemka na kutoa mvuke, na kwa kuwa mvuke hubonyea, pedeli huzama hadi chini na gari lisisimame.

Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka miwili. Fundi hutumia kopo ambalo halijafunguliwa, huanza gurudumu moja hadi jingine, na hahitaji kuacha chombo cha juu kikauke, la sivyo upepo utaingia. Oili ya injini isiongezwe humo kamwe, kwani huharibu mipira. Mafuta haya yakipungua, ama pedi zimelika, ama kuna mahali panapovuja.

Maji ya rejeta

Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Maji yanayoruka huunguza vibaya. Songea iko zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo maji yasiyo na mgandamizo huchemka kabla ya kufikia nyuzi 97. Kifuniko kilicholegea, basi, hufanya gari lichemke mapema. Maji matupu pia huleta kutu. Yakionekana ya kahawia, yamwagwe, rejeta isafishwe, kisha ijazwe kulanti iliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu.

Oili ya injini

Gari liegeshwe mahali tambarare, injini izimwe kwa dakika kadhaa, ndipo stiki ichomolewe. Weusi pekee si hoja, hasa kwa injini ya dizeli. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ndiyo ya kuogopesha, kwani huashiria maji kuingia, pengine kupitia gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Gari lisilo na kumbukumbu libadilishiwe oili pamoja na filta mara tu linaponunuliwa.

Gia boksi na usukani

Oili ya gia boksi ya otomatiki iliyo nzuri haina harufu ya kuungua. Itumike aina iliyotajwa na mtengenezaji pekee, maana gia boksi za CVT zina oili yake. Usukani unaolia wakati wa kukata kona huenda umepungukiwa oili, isipokuwa ule unaoendeshwa kwa umeme, ambao hautumii oili.

Oili chafu isimwagwe mtaroni. Mto Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro, jirani na mji huo, na vijito vya eneo hilo hutumiwa na watu.

Baada ya kazi, tarehe na kilometa ziandikwe kwenye karatasi na kuhifadhiwa ndani ya gari. Mmiliki atakayefuata hatalazimika kubahatisha.