Mpasuko wa Mdomo na Kaakaa: Mtoto Anayerudi Tena na Tena Chumba cha Upasuaji

Mpasuko wa mdomo na kaakaa ni hali ya kuzaliwa nayo, ambapo sehemu za uso wa mtoto hazikuungana katika majuma ya mwanzo ya ujauzito. Duniani, takribani mtoto 1 kati ya 700 huzaliwa nao. Mitaani huitwa “mdomo sungura”, jina ambalo mtoto akifika shuleni hulisikia kama jiwe analorushiwa. Hali hii si adhabu ya dhambi ya wazazi, wanafunzi walipomuuliza Kristo kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, aliikataa fikra hiyo waziwazi (rej. Yn 9:1-3).

Waamini wengi hudhani kwamba mdomo ukishashonwa, kazi imekwisha. Sivyo. Mpasuko ukipita mdomo, ufizi na kaakaa, mdomo hushonwa kwa kawaida kati ya miezi 3 na 6, kaakaa kati ya miezi 9 na 18, ufizi huwekewa mfupa karibu na umri wa miaka 8 hadi 11, na taya, ikihitajika, husubiri mwili umalize kukua. Baadhi hufanyiwa pia upasuaji wa kurekebisha sauti inayotokea puani. Shirika la Smile Train, lililoanzishwa mwaka 1999, hugharimia upasuaji katika hospitali kadhaa za Afrika Mashariki. Lakini nauli na siku za shamba zilizopotea hubaki kuwa mzigo wa familia. Ndiyo maana wapo watoto ambao mdomo umefungwa vizuri, na kaakaa likabaki wazi, wakakua bila kueleweka wanaposema.

Mtoto mchanga hatakumbuka siku ile. Anayeikumbuka ni mama: saa za kumnyima ziwa mtoto anayelia kwa njaa kabla ya dawa ya usingizi, kisha kupokea uso mwingine. Wapo akina mama wanaotokwa machozi kwa sababu sura waliyozoea kuibusu imebadilika, nao wasionekane hawana shukrani.

Mtoto wa miaka 9 ni jambo lingine kabisa. Anaijua harufu ya barakoa ya usingizi, anaijua sindano ya dripu, naye huhesabu siku zilizosalia. Mfupa wa kuweka kwenye ufizi huchukuliwa nyongani mwake, na mara nyingi siku za kwanza nyonga humuuma kuliko kinywa. Anataka kujua kama sasa atafanana na wenzake. Aelezwe ukweli: atavimba kwanza, na kovu halitafutika. Kumdanganya kwamba anapelekwa kumsalimia shangazi, kisha ajikute wodini, ni kosa. Safari ijayo hatamwamini mtu.

Kijana naye huweza kuchoka. Upasuaji unaohusu kula, kusema au kupumua una uzito wake; lakini ule wa kupunguza kovu au kunyoosha pua hauna haraka, na kijana akisema “basi kwa sasa”, asikilizwe.

Kuhusu sakramenti, Kanuni ya 1004 huruhusu Mpako wa Wagonjwa kwa mwamini aliyefikia umri wa kutumia akili na kuanza kuwa hatarini kwa ugonjwa, nayo Katekisimu (na. 1515) husema inafaa kuupokea kabla ya upasuaji mzito. Paroko ndiye atakayepima. Pale ambapo Mpako haustahili, ipo baraka ya watoto wagonjwa, na hiyo hata mtoto mchanga hupewa. Umri wa upasuaji wa ufizi mara nyingi hugongana na Komunyo ya Kwanza; kama mtoto hawezi kumeza chakula kigumu, Kanuni ya 925 huruhusu, kwa dharura, Komunyo kwa umbo la divai peke yake. Wazazi wamwarifu paroko na katekista mara tu wapatapo tarehe ya hospitali. Jumuiya Ndogo Ndogo nazo, zinapochanga nauli, zitenge pia ya safari ya pili na ya tatu.