Rubani wa Ziwa Tanganyika

Ukisimama Karema ukatazama magharibi, ng'ambo ya maji ni Kongo. Huko, mahali paitwapo Niemba, bara kidogo kutoka Kalemie, alifariki kijana mmoja tarehe 3 Desemba 1916. Jina lake Aimé Behaeghe, Mbelgiji, mzaliwa wa kijiji cha Kachtem. Alikuwa na miaka 26. Hakupigwa risasi, wala hakuanguka na ndege. Maradhi ndiyo yaliyommaliza, miezi michache tu baada ya kuruka juu ya ziwa letu hili akiwa amebeba mabomu.

Sisi tuliosoma sekondari Vita Kuu ya Kwanza tunaijua kwa jina la Lettow-Vorbeck, basi. Ziwa Tanganyika linapita kwa mistari miwili mitatu. Kumbe hapa ndipo yalipotokea mambo ambayo mtu akiyatunga utasema anatia chumvi!

Wajerumani walikuwa na meli yao, Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha kama 5,000, ikapita baharini mpaka Dar es Salaam, na kwa reli hadi Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915. Mwenye meli ile ndiye aliyekuwa mwenye ziwa. Waingereza walileta mashua zao mbili za mwendo kasi, Mimi na Toutou, wakaiteka Kingani Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Lakini Götzen? Hiyo hawakuisogelea.

Ndipo zikaletwa ndege. Waingereza waliwapa Wabelgiji ndege nne aina ya Short, za kutua majini, mbao na kitambaa. Zikapita Kongo nzima kwa treni na kwa meli za mtoni, zinashushwa, zinapakiwa, zinashushwa tena. Mawimbi ya ziwa yalikuwa makali mno kwa vyombo vyepesi kama vile, kwa hiyo kituo kikawekwa kwenye kidimbwi cha Tongwe, karibu na Mtoa. Fikiria pia kwamba ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni ya joto na nyepesi, injini inalia weee, ndege haitaki kuacha maji. Behaeghe aliiondoa. Juni 1916 aliruka na mwenzake hadi Kigoma, mwendo wa karibu kilometa 100, chini maji matupu, wakaangusha mabomu bandarini.

Ripoti zao zilisema Götzen imepigwa. Haikuzama, lakini. Isitoshe, mzinga wake mkubwa, uliotoka kwenye manowari Königsberg, ulikuwa umekwisha ondolewa kupelekwa vita vya nchi kavu. Simba waliyemfuata angani alikuwa hana meno tena. Tarehe 26 Julai Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, mitambo wakiwa wameipaka grisi tele ili isile kutu. Siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma. Septemba wakaichukua Tabora. Desemba rubani wao akafa.

Hapo ndipo ninaponasa. Mimi nataka kuandika riwaya ya habari hii, na kijana yule ananivuta. Ni wa rika langu. Kufa ugenini kitandani, baada ya kuliona ziwa kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuliona! Namsikitikia, nasema kweli. Lakini hakuja kutalii. Wabelgiji hawakuwa wageni pwani hii: mwaka 1879 Kapteni Cambier alijenga kituo pale pale Karema, na mwaka 1885 kikaingia mikononi mwa Mapadre Weupe. Na siku ile ya mabomu, pale bandarini Kigoma hawakuwepo Wazungu peke yao. Walikuwepo askari weusi, makuli, na watu waliokuwa na shughuli zao tu.

Halafu wapagazi. Katika vita ile Wabelgiji walitumia wapagazi zaidi ya laki mbili. Waingereza walichukua wengi kuliko hao, na waliokufa upande wao peke yake huhesabiwa kwa makumi ya maelfu: njaa, kuhara, homa, mizigo. Rubani mmoja tunajua siku aliyokufa na kituo alichofia. Hawa tumebaki na Kariakoo, jina lililotoka kwenye Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, na leo ukilitaja mtu anafikiria bei ya viatu.

Nilimuuliza mzee mmoja wa Karema kama aliwahi kusikia habari za ndege za wakati ule. Akacheka. "Ndege sijui, mjukuu wangu. Meli ya Mjerumani naijua, nimeipanda." Ni ile ile Götzen! Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Miaka mingi imesimama Karema na Ikola ikichukua abiria na magunia. Mabomu ya Behaeghe hayakuiweza, na wazee wetu wakasafiria.

Basi riwaya sikuianzia angani, ingawa rafiki zangu wanasema huko ndiko kwenye utamu. Nimeianzia Tongwe, alfajiri, na debe la petroli likiwa kichwani mwa mtu. Rubani amesimama kando, anangoja. Jina lake ninalo. La huyu aliyebeba debe bado natafuta.