Namna ya kulinda viungo vya bustani dhidi ya wadudu na magonjwa

Giligilani, nanaa na mrehani hustawi hata kwenye kipande kidogo cha ardhi nyuma ya jiko. Lakini viungo hivi vina tofauti kubwa na mahindi au maharage: tunakula jani lenyewe, na mara nyingi likiwa bichi. Giligilani iliyochumwa asubuhi huwa kwenye kachumbari mchana. Kwa hiyo dawa iliyobaki kwenye bomba baada ya kupuliza nyanya isimaliziwe kwenye viungo. Katika makala haya tunaeleza namna ya kutambua tatizo na kulidhibiti bila kuweka sumu kwenye chakula.

Tambua tatizo kwanza

Geuza jani uangalie chini yake, kwani matatizo mengi huanzia huko.

Vidukari ni wadudu wadogo, laini, wa kijani au weusi, wanaofyonza utomvu kwenye machipukizi. Majani hujikunja na kunata. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina, chunguza kama kuna vidukari.

Utitiri mwekundu huzidi wakati wa jua kali. Jani hupata vitone vya njano, na chini yake huwa na utando mwembamba kama wa buibui.

Sota ni viwavi wanaojificha udongoni mchana na kukata miche usiku. Fukua kidogo kando ya mche uliokatwa; mara nyingi utamkuta hapo amejikunja.

Kinyausi huua miche michanga. Shina hulainika karibu na udongo na mche huanguka bila kukatwa. Huchochewa na maji mengi na miche iliyobanana.

Kutu ya nanaa huonekana kama vidonda vidogo vya rangi ya chungwa au kahawia chini ya jani.

Ubwiri vinyoya wa mrehani hufanya jani kuwa la njano, na wengi hudhani ni upungufu wa mbolea. Chini ya jani utaona unga wa kijivu. Kuongeza mbolea hakutauponya.

Kinga

Mwagilia asubuhi, maji yaende kwenye shina na si juu ya majani. Punguza miche ili hewa ipite. Usirudie kiungo kilekile mahali palepale kila msimu. Miche ya nanaa ichukuliwe kwenye shina lisilo na ugonjwa. Ng'oa mmea uliougua, uuchome au uufukie mbali na bustani. Usiwaue wadudu wa duara wenye mgongo mwekundu na madoa meusi, kwa sababu hula vidukari.

Ukiona wadudu

Vidukari wachache waponde kwa vidole au waondoe kwa maji ya kumwaga kwa nguvu. Wakizidi, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita moja ya maji. Jaribu kwenye majani machache, usubiri siku moja. Yasipoungua, puliza jioni, hasa chini ya majani, na urudie baada ya siku chache. Sabuni ya unga usitumie, huunguza majani. Osha viungo vizuri kabla ya kula.

Kuhusu dawa ya dukani

Nunua dawa iliyo kwenye chombo chake chenye lebo, si iliyopimwa kwenye chupa ya soda. Soma kama inaruhusiwa kwa zao lako, na siku ngapi usubiri kabla ya kuvuna. Siku hizo zikiwa 14, usichume hata jani moja kabla hazijaisha, wala usiuze. Kama zao lako halimo kwenye lebo, usiitumie.

Ukishindwa kutambua tatizo, piga picha ya jani pande zote mbili umwoneshe afisa ugani wa eneo lako kabla ya kununua dawa yoyote.