Tele na Mfuto

Mama yangu hajawahi kupima unga kwa mizani. Ugali wetu sote ni bakuli mbili, na unga uliotoka mashineni leo anauzidisha kidogo kwa sababu, anasema, "bado una hewa." Hesabu yote imo humo. Bakuli linapima nafasi, mizani inapima uzito, na hewa hailiwi.

Lakini ndugu msomaji, hesabu hiyo ikitoka jikoni ikafika sokoni inageuka ugomvi.

Kwetu Mbalibali, Serengeti, nilipokuwa mdogo mahindi tuliuza kwa debe. Debe ni lile bati la mafuta ya taa la zamani, galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 na ushei. Likijaa maji ni kilo 18. Likijaa mahindi makavu, ukayafuta juu kwa kijiti, ni kilo 13 hivi. Sasa mwaka mmoja akaja mnunuzi. Alilitikisa debe, akashindilia, akaongeza kilima juu mpaka punje zikamwagika. Alipoondoka tukafanya vilevile, tukapima kwa mizani ya jirani: kilo 15! Kwa madebe kumi, Mama alikuwa amegawa kilo 20 bure. Muhula ule nilienda shule bila daftari mpya.

Kumbe ujanja huu ni wa kale. Sote shuleni tulikaririshwa kwamba haba na haba hujaza kibaba, ila nani aliuliza kibaba chenyewe kina ukubwa gani? Huko pwani vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Katika misafara ya karne ya 19, kibaba kimoja cha nafaka ndicho kilichokuwa posho ya mpagazi kwa siku. Mtu anabeba mzigo kutwa nzima kwa kibaba kimoja! Ndiyo maana Waswahili walikuwa na majina mawili: kibaba cha tele, chenye kilima, na kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa. Kati ya majina hayo mawili kulikuwa na mtu aliyeshiba na mtu aliyelala njaa.

Hata leo Waislamu wakitoa zaka ya fitri huulizana pishi ni kilo ngapi. Wengi husema mbili na nusu, wengine karibu tatu. Hakuna anayedanganya. Chombo ni kimoja, ila mchele, unga na tende havilingani uzito.

Basi tuseme mizani ndiyo dawa? Wazee wetu wa Kanda ya Ziwa walishalijibu swali hilo. Pamba yao ilipimwa kwa mizani, lakini mizani ilikuwa ya mnunuzi, na wakulima walilalamika miaka nenda rudi kwamba wanapunjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, upande wa Mwanza na Ukerewe, wakaamua kuweka wapimaji wao wenyewe. Katika vuguvugu hilo Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Shirika kubwa namna ile, na moja ya mizizi yake ni mkulima aliyetaka kuusoma mshale wa mizani kwa macho yake.

Tangu mwaka 2002 tuna Wakala wa Vipimo, na vita yake dhidi ya lumbesa, lile gunia lililovikwa kilemba, haijaisha. Lumbesa ni ile tele ya zamani, imehamia kwenye gunia.

Msimu uliofuata mnunuzi wetu alirudi. Mama alimkaribisha, akampa kiti na maji ya kunywa. Kisha akaingia ndani, akatoka na debe lake mwenyewe na kijiti kilichonyooka.

"Mwanangu," alisema, "mwaka huu tunafuta."

Yule bwana alicheka kidogo, akatuangalia sisi watoto tuliosimama mlangoni, akafuta.