Watoro wa Rabai

Sisi wa Nairobi tukishuka Mombasa, wengi wetu hupita Kengeleni tukikimbilia ufuo wa Nyali, na hatuulizi hiyo kengele ilikuwa ya nani. Ni ya Freretown, makazi ambayo wamisionari wa CMS walianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Ilipigwa kuwaonya wenyeji hatari ikikaribia. Hadithi hiyo angalau imeandikwa kwenye vibao. Inayonishika mimi ni ya Rabai, kule juu kwenye vilima nyuma ya Mombasa, kwa sababu wema wa Rabai ulivunja sheria ya nchi, na ulivunja pia maagizo ya kanisa lenyewe.

Hebu tuanze na sheria. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akisukumwa na Waingereza, alikubali kufunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Kumiliki mtumwa halikuwa kosa. Yaani, ukinaswa baharini na manowari ya Kiingereza, wewe ni huru. Ukitoroka kwa miguu kutoka shamba la Malindi, wewe ni mali iliyopotea, na mwenyewe anaweza kuja kukudai. Wa kwanza alikaribishwa Freretown. Wa pili aliitwa mtoro, neno ambalo siku hizi tunamwachia mwanafunzi anayeruka ukuta, na misheni haikutakiwa kumhifadhi. Wakubwa wa misheni hawakutaka ugomvi na wenye mashamba wa pwani, ambao walikuwa na silaha na walikuwa na hasira.

Sasa fikiria umetoroka, umefika Rabai, na anayesimamia mambo hapo ni William Jones. Naye aliibwa akiwa mtoto huko bara. Alikombolewa, akapelekwa India, akalelewa na wamisionari kule Nasik, karibu na Bombay. Mwaka 1864 alirudishwa Afrika kuja kusaidia kazi ya Mombasa, mmoja wa wale walioitwa Waafrika wa Bombay. Huyo ndiye aliyetarajiwa akuambie urudi ulikotoka.

Hakusema hivyo. Watoro walipewa mahali pa kujenga kibanda na kipande cha ardhi cha kulima. Walihudhuria ibada na masomo kama watu wengine. Hakuna muujiza hapo, bana. Ni muhogo, ni paa, ni jirani asiyeenda kukuchongea. Lakini mtu aliyekula kwako jana humleta ndugu yake kesho, na miaka ya 1880 ilipokuwa inaisha, watoro Rabai walikuwa mamia.

Wengi wanamkumbuka Jones, kama wanamkumbuka, kwa safari ya Askofu Hannington. Mwaka 1885 Hannington alimfanya shemasi, kisha wakaondoka pamoja kuelekea Uganda. Askofu aliuawa Busoga pamoja na wapagazi wake karibu wote. Jones, aliyekuwa ameachwa nyuma Mumias na sehemu ya msafara, ndiye aliyewarudisha waliobaki hadi Rabai, mwanzoni mwa 1886, mbele yao bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi. Mwenye kusoma Biblia anajua maana yake: utukufu umeondoka.

Mwaka 1888 mambo yakalipuka. Wenye watumwa walitaka watu wao, na walitishia kuvamia misheni. Wakubwa wengine wa CMS walishtuka, ati hawakujua. Kwa maoni yangu, mamia ya watu hawafichiki shambani. Walichagua kutotazama, na kutotazama kwao nako kuliwapa watoro muda.

Aliyezima moto ni George Mackenzie, mtu wa kampuni ya Imperial British East Africa, iliyokuwa imepata hati ya kifalme mwaka huohuo na ilihitaji pwani tulivu ili ifanye biashara. Alikubaliana na wenye watumwa walipwe fidia. Takriban pauni 3,500 zilikusanywa kutoka kwa kampuni, serikali ya Uingereza, CMS na marafiki wao, na watu zaidi ya 1,400 wakakombolewa Rabai na vituo vingine vya misheni.

Angalia pesa zilikwenda kwa nani. Aliyelima bure miaka kumi hakupata hata ndururu; aliyemlimisha ndiye aliyelipwa. Hata hivyo, siwezi kuidharau karatasi ambayo watu walipokea Rabai tarehe 1 Januari 1889. Mtu aliingia siku hiyo akiwa mali ya mtu, akatoka na hati yenye jina lake.

Karatasi hizo ziliwahusu waliofika kwenye misheni tu. Walioachwa mashambani Malindi na Takaungu waliendelea kulima, na sheria ya kufuta utumwa pwani ya Kenya ilikuja mwaka 1907.