Kuhesabu Pumzi

Mwaka 2021 gari la wagonjwa lilimpeleka bibi yangu kutoka Maretadu hadi Haydom, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955. Kifaa kidoleni kilisoma 94. Mhudumu hakuridhika, alitazama saa, akahesabu pumzi dakika nzima: 32. Akafungua oksijeni.

Kifaa hicho kilibuniwa na Mjapani, Takuo Aoyagi, miaka ya 1970. Alifariki Aprili 2020, dunia nzima ikikisaka. Desemba hiyohiyo utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa upungufu wa oksijeni kilichoshindwa kuugundua kwa wagonjwa weusi ulikuwa karibu mara tatu ya weupe. Kuhesabu pumzi, somo la wauguzi wetu kwa nimonia ya watoto tangu miaka ya 1980, hakuhitaji hata betri.

Bibi bado analalamika: yule kijana alimkodolea macho kifuani njia nzima.